Tuanze na skwati au kunyanyua chuma kutoka sakafuni?
Skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na uzito, hujenga zaidi misuli ya mbele ya paja na makalio. Mgongo hukaza tu ili kiwiliwili kisiporomoke. Kwa hiyo mgongo ukiwa ndio dhaifu zaidi, tungeanza na kunyanyua chuma kutoka sakafuni. Hapo kazi kubwa hufanywa na nyuma ya mapaja, makalio na misuli ya kandokando ya uti wa mgongo. Chuma kianzie juu ya katikati ya wayo, kikigusa miundi. Kikisogea mbele, mzigo zaidi huhamia kiunoni na mgongo unaweza kupinda. Seti (mizunguko) 3 za mara 5 zinatosha, maana zoezi hili huchosha kweli. Skwati unaweza kufika mara 8. Visigino vikiinuka kwenye skwati, punguza uzito na utanue miguu kidogo.