Karata za wanyama walio hatarini: nyota nne kati ya tano
Nilimnunulia mwanangu, nikaishia kuzisoma mimi. Iliyoninasa ni ya kakakuona: magamba anayowindiwa ni keratini tu, kitu kilekile cha kucha zako! Tangu Januari 2017 CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini, umepiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Choroa wa Arabuni naye yumo, aliyetoweka porini 1972, akarudishwa Oman 1982 kutoka kwa waliokuwa wakifugwa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya tumbusi. Karata yake inalaumu majangili pekee. Jamani, tumbusi wa India waliangamizwa na diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi walikula mizoga ya ng'ombe hao, figo zao zikafa. India iliipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo 2006.

Wino nao unachujuka, vidole vikiwa na jasho kidogo tu.