Ukaazi wa kudumu kwanza, uraia baadaye: uzoefu wangu Ujerumani

Siku hizi wengi wetu tulio Ujerumani tunashauriana kuruka ukaazi wa kudumu na kuomba uraia moja kwa moja. Sheria ilibadilika tarehe 27 Juni 2024: uraia unaombwa baada ya miaka 5 badala ya 8, na hulazimiki tena kuukana uraia wako wa kwanza. Basi watu wanauliza, ya nini kulipa ada mara mbili na kusumbuka ofisini mara mbili? Mimi nimepitia njia zote mbili hadi mwisho, na nasema usiruke. Ukaazi wa kudumu naupa nyota 5. Uraia pia ningeupa 5, lakini nilivyosubirishwa nimepunguza moja.

Nilikuja mwaka 2016 kama au-pair, yaani kijana anayeishi na familia akisaidia kulea watoto. Baada ya mwaka mmoja nikaingia kazi ya kujitolea katika nyumba ya wazee, mwaka mwingine, halafu nikaanza Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya uuguzi, miaka 3. Kila hatua ilikuwa na kibali chake na kila kibali tarehe yake ya kuisha. Nilipoajiriwa mwaka 2021 nikiwa muuguzi kamili, nilidhani sasa nimetua. Kumbe kadi ya ukaazi inakuja na karatasi ndogo ya kijani, na kwenye ile yangu liliandikwa jina la mwajiri. Kazi yangu ilikuwa pale, si kwingine, na kuhama kungehitaji ruhusa ya ofisi ya wageni.

Sijui kama aliyezaliwa hapa anaweza kuelewa karatasi ile inavyokaa kifuani. Nilipangiwa zamu za usiku mfululizo, wikiendi kwa wikiendi, na nilipolalamika niliulizwa kwa upole kibali changu kinaisha lini. Sikulalamika tena. Niliwauguza wazee wale kwa moyo wangu wote, lakini nilikuwa nikirudi nyumbani alfajiri nikihesabu miezi.

Hesabu yenyewe ni hii. Aliyesomea kazi yake hapa hapa Ujerumani anaweza kuomba Niederlassungserlaubnis (yaani kibali cha ukaazi wa kudumu; jina hili lishike, ndilo utakalolisema ofisini) baada ya miaka 2 ya kazi ya taaluma yake, akiwa na miezi 24 ya michango ya pensheni. Aliyekuja na ujuzi kutoka nje anahitaji miaka 3 na miezi 36. Mwenye Blue Card, kibali cha wataalamu hasa wenye shahada, ni miezi 27, au 21 akiwa na Kijerumani cha B1, yaani kiwango cha kati. Asiye katika makundi hayo hungoja miaka 5 na kuonyesha miezi 60 ya michango. Usikubali mtu akuambie ni miaka 5 kwa kila mtu. Mimi niliambiwa hivyo na mtu niliyemwamini, na nusura nipoteze miaka yangu.

Niliomba Oktoba 2023. Kilichonibeba ni karatasi moja ambayo wengi huisahau: taarifa ya michango yote, Versicherungsverlauf, unayotumiwa bure na mfuko wa pensheni ukiomba. Iombe mapema uisome mstari kwa mstari. Yangu ilikuwa na pengo la miezi 2 ambayo niliifanyia kazi na kukatwa fedha. Nilipeleka hati za mshahara, pengo likazibwa. Ningeligundua siku ya miadi, ningerudishwa. Nyingine ni zile za kawaida: mkataba wa kazi, mkataba wa nyumba, bima ya afya, hati za mshahara za karibuni, na cheti cha mtihani wa uraia.

Mtihani huo ni maswali 33, na ukipata 17 umefaulu. Unafanywa kwa saa moja na ada ni euro 25. Maswali 30 yanahusu nchi nzima na 3 ni ya jimbo unaloishi, na yote hutoka kwenye orodha ya maswali 310 iliyowekwa wazi kwenye tovuti ya serikali. Wapo wanaouza kozi na programu za simu kwa ajili ya mtihani huu. Usinunue. Mimi nilisoma maswali 15 kila siku kwenye basi, nikamaliza kwa wiki tatu. Ila nakusihi usiyakariri kama kasuku. Kusoma kwamba ukuta wa Berlin ulijengwa mwaka 1961 na kufunguliwa tarehe 9 Novemba 1989 kulinipa mazungumzo na bibi niliyekuwa nikimwogesha kila asubuhi. Alikuwa ameachana na dada yake upande wa pili kwa miaka yote ile. Cheti kile kile nilikitumia tena kwenye maombi ya uraia, kwa hiyo kitunze.

Ada ilikuwa euro 113. Baada ya miezi minne nikapata kadi ambayo karatasi yake ya kijani haina jina la mtu: kazi yoyote inaruhusiwa. Mwezi uliofuata niliandika barua ya kuacha kazi nikahamia hospitali, bila kumwomba mtu ruhusa. Hii ndiyo sababu nasema usiruke. Uraia ulinichukua miezi 16, na yule anayeungoja akiwa bado na kibali cha mwajiri anabeba miezi yote hiyo ile hofu niliyokuwa nayo.

Lakini pia usiishie kwenye ukaazi. Neno "kudumu" lina mpaka wake: ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi 6 bila kuafikiana na ofisi kwanza, haki ile inakufa. Mama alipougua mwaka 2024 nilikwenda kumtunza, na usiku, yeye akiwa amelala, nilikuwa nahesabu siku kwenye kalenda. Mtoto hapaswi kuhesabu siku za kukaa na mama yake mgonjwa. Halafu kuna kura. Tarehe 23 Februari 2025, siku ya uchaguzi wa Bundestag (bunge la Ujerumani), wenzangu walikuwa wakipokezana kutoka kwenda kupiga kura huku sera za uhamiaji zikiwa ndiyo habari kubwa ya nchi. Mimi nilibaki wodini.

Maombi ya uraia nilikuwa nimeyapeleka Julai 2024, ada euro 255. Hapa ndipo nyota ilipopungua. Miezi saba bila neno. Kisha barua ikaja kudai hati mpya za mshahara kwa kuwa zile za mwanzo zimechakaa, ilhali zilichakaa mezani kwao. Sheria inaruhusu kwenda mahakama ya utawala ikiwa ofisi imekaa kimya miezi 3 bila sababu ya maana. Sikushtaki, ila niliwaandikia barua nikikitaja kifungu hicho kwa adabu, na baada ya hapo faili likasogea. Ningeiandika mapema zaidi.

Novemba 2025 niliitwa. Unasimama, unatamka kwamba utaiheshimu katiba na sheria za nchi na hutafanya jambo la kuidhuru, kisha unakabidhiwa hati. Uraia unaanza pale hati inapofika mkononi, si kabla. Nilikuwa nimeyarudia maneno yale nyumbani mara nyingi, lakini sauti ilikatika katikati ya sentensi. Afisa aliningoja. Nampenda kwa hilo.

Kwa Wakenya wenzangu, kazi haijaisha siku hiyo. Katiba ya 2010 inakuachia uraia wako wa kuzaliwa hata ukichukua mwingine, lakini sheria inakutaka uijulishe serikali ndani ya miezi 3 kwamba sasa una uraia wa nchi mbili. Fomu yangu niliijaza wiki ile ile, kabla hata ya kwenda kupiga picha ya pasipoti mpya.