Zoom H1n: kinasa sauti kidogo kwa filamu za vijana zinazouliza "mimi ni nani?"

Vikundi vingi vya vijana vinavyoanza kutengeneza filamu za maisha halisi humaliza bajeti yote kwenye kamera, sauti wakaiachia simu. Hapo ndipo filamu inapoharibikia. Fikiria binti wa Eastleigh, Nairobi, anayeulizwa kila siku kwao hasa ni wapi, au kijana wa wazazi Warundi aliyekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na hajawahi kuiona Burundi. Katika filamu kama hizo hakuna kinachoendelea mbele ya kamera isipokuwa mtu anayezungumza, ananyamaza, kisha anaendelea. Picha yenye chenga mtazamaji ataivumilia. Sauti inayokwaruza au kuvuma kama iko ndani ya pipa, hatakaa nayo dakika tano.

Kwa kazi hiyo, Zoom H1n bado ni chombo chenye thamani. Kilitoka mwaka 2018 kikichukua nafasi ya H1, kwa bei ya dola 120 hivi Marekani. Kina uzito wa gramu 60 bila betri, kinaingia mfuko wa shati, na kinatumia betri mbili ndogo za AAA, zile za rimoti. Juu kina maiki mbili zilizopishana kwa nyuzi 90, zinazonasa kushoto na kulia. Mgongoni kuna tundu la skrubu la kukifunga kwenye mguu wa kamera. Ukibonyeza REC mara moja kinaanza kurekodi hapohapo. Ni jambo dogo lakini lina maana: kwenye H4n, kaka yake mkubwa, REC ya kwanza hukiweka tayari tu na ya pili ndiyo inayorekodi, na mahojiano mengi yamepotea kwa sababu hiyo.

Mpangilio wa kuanzia ni WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, biti 24, kilohezi 48. Usitumie MP3 kwa filamu, na usichague 44.1, kwa sababu video karibu zote hutumia 48. Kwa mpangilio huu saa moja inakula takriban gigabaiti moja, kwa hiyo kadi ya GB 32 inabeba kama saa 30. Faili moja ikifika GB 2, yaani karibu saa mbili, kifaa hukata na kuanza nyingine chenyewe.

Sasa tuje kwenye kitufe cha AUTO LEVEL, maana hapa ndipo wengi wanapokosea huku wakidhani wamejirahisishia kazi. Kikiwashwa, kifaa hupandisha sauti mtu anapoongea taratibu na kuishusha anapopaza. Inasikika kama msaada. Lakini muulize kijana, "Ulijisikiaje walipokuita mgeni?" Atanyamaza sekunde nne, tano, sita. Kimya hicho ndicho moyo wa filamu. Kifaa hakijui hivyo. Kinadhani sauti imepotea, kinaanza kupandisha, na feni, friji, jogoo wa jirani na bodaboda za nje vyote vinapanda navyo. Anapofungua tena kinywa, neno la kwanza linapasuka kisha sauti inashushwa ghafla. Hakuna programu ya kuhariri inayoweza kurudisha kimya hicho kilivyokuwa. Kizime kitufe hicho, na kabla ya kila mahojiano hakikisha alama yake haipo kwenye skrini.

Badala yake tumia gurudumu la mbele lenye namba 0 hadi 10. Mwambie msemaji aeleze alikula nini asubuhi, kwa sauti yake ya kawaida, huku ukizungusha hadi vilele vya sauti viguse desibeli -12 kwenye skrini, ambapo 0 ndiyo kikomo. Acha nafasi iliyobaki kwa ajili ya kicheko na kilio, kwa sababu katika mazungumzo ya namna hii vyote viwili huja bila taarifa. Washa LIMITER ikukinge na vilele vya ghafla. Ukijikuta unafika 9 au 10 ndipo umsikie vizuri, tatizo si gurudumu bali umbali. Huko juu kifaa chenyewe huanza kutoa sauti ya "shhh". Kisogeze. Sentimita 20 hadi 30 kutoka kinywani, pembeni kidogo ili pumzi za "p" na "b" zisipige maiki moja kwa moja. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya msemaji hupanda kama desibeli 6 huku kelele za chumba zikibaki palepale.

LO CUT ina ngazi tatu: hezi 80, 120 na 160. Inaondoa mngurumo wa chini kama jenereta, lori na mtikisiko wa sakafu. Anza na 80. Ngazi ya 160 huikondesha sauti nzito ya mwanamume akasikika kama anaongea kwenye simu, kwa hiyo ibaki kwa dharura.

Udhaifu mkubwa wa H1n ni mwili wake wa plastiki. Ukikishika mkononi, kila mkwaruzo wa kidole unaingia kwenye rekodi kama mtu anayefungua mfuko wa nailoni. Usikishike. Kifunge kwenye mguu mdogo wa mezani, na huo mguu uuweke juu ya kanga iliyokunjwa mara nne ili meza isipitishe vishindo. Upepo ni adui wa pili. Sifongo nyeusi ya kufunika maiki inatosha ndani ya nyumba penye feni, lakini ufukweni Bagamoyo au Lamu wakati wa kusi haisaidii kitu. Hapo unahitaji kifuniko cha manyoya bandia. Fundi cherehani anaweza kukushonea kwa kipande cha kitambaa cha manyoya, mradi kitambaa chenyewe kiwe chepesi, hewa ipite ukikipuliza kwa nyuma.

Chumba nacho kina sauti yake. Sebule yenye vigae na kuta tupu hurudisha mwangwi unaofanya maneno yafifie. Sogezeni mahojiano chumba cha kulala, penye godoro, pazia na nguo zilizotundikwa. Mvua ikianza kupiga bati, simamisheni. Hakuna namna ya kuiondoa baadaye. Mkimaliza, kila mtu akae kimya na mrekodi sekunde 60 za chumba kitupu. Sauti hiyo ndiyo gundi ya mhariri anapokata sentensi na kuacha pengo.

Watu wengi watataka kuchomeka maiki ya kubana kolani, na H1n ina tundu la milimita 3.5 linalotoa umeme mdogo unaohitajika na maiki za aina hiyo. Iliyoenea madukani kwetu, kuanzia Luthuli Avenue ya Nairobi hadi Kariakoo ya Dar es Salaam, ni Boya BY-M1 yenye waya wa mita 6. Ina swichi ndogo yenye nafasi mbili, ya simu na ya kamera. Kwenye H1n weka upande wa kamera, la sivyo utapata sauti hafifu mno au usipate kitu. Upande huo hutumia betri ya kitufe ya LR44, na ukisahau kuirudisha swichi baada ya kazi, betri itakuwa imekwisha utakapoihitaji tena. Beba mbili za akiba. Maiki nyingine za simu zina ncha yenye pete tatu na hazielewani na tundu hili bila adapta, kwa hiyo hakikisha inaelewana kabla ya kulipa. Waya upite ndani ya nguo, ufungwe kitanzi kidogo kwa utepe chini ya maiki ili mvuto usiifikie. Kwa msemaji aliyevaa hijabu, ibane kwenye ukingo wa nje wa kitambaa na yeye mwenyewe aiweke. Ikifichwa chini, kila akigeuza kichwa kitambaa kitaikwaruza.

Hedifoni ni lazima, na zivaliwe muda wote wa mahojiano. Mistari ikicheza kwenye skrini inakuambia sauti ipo. Haikuambii kama ina mkwaruzo. Lipo pia jambo la utu hapa: kabla ya kuanza, mpe msemaji hedifoni ajisikilize. Kijana ambaye amezoea kusemewa na wengine hukaa tofauti kwenye kiti akishaisikia sauti yake mwenyewe, safi. Idhini yake irekodiwe mwanzoni mwa faili, aseme kwa maneno yake amekubali nini na filamu itaonyeshwa wapi.

Usafi huu wa sauti una faida nyingine kwa filamu za utambulisho. Vijana wanaruka kutoka Sheng hadi Kiswahili, wakatupia neno la Kikamba, Kiha au Kisomali, kisha wakarudi. Anayeandika manukuu ya chini ya picha anahitaji kuisikia kila konsonanti, maana mara nyingi mtu anabadilisha lugha palepale anapogusa jambo linalomuuma.

Msemaji akitaka kufichwa, kurekodi sauti peke yake bila kamera ni njia nzuri, lakini usimwahidi usalama usiokuwepo. Jamaa zake wataitambua sauti yake hata ikishushwa kidogo kwenye kompyuta, na mabadiliko hayo yanaweza kurudishwa nyuma. Dawa ni mtu mwingine kuyasoma maneno yake. Ikumbukwe pia kwamba H1n haifungi faili kwa neno la siri: anayeiokota kadi anasikia kila kitu.

Kuhusu kadi: H1n inakubali microSD hadi GB 32 tu. Ukiweka ya 64 usitegemee kitu. Na kwa kuwa kadi bandia zimejaa sokoni, ipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Kadi iliyoandikwa 32 yenye 8 ndani itaonekana inarekodi vizuri, kumbe inaharibu faili. Usiichomoe kabla hujasimamisha rekodi, maana faili isiyofungwa inaweza kukataa kufunguka. Betri za alkali zinatajwa kudumu saa 10. Badilisha zikifika nusu. Pawabenki inaweza kukiendesha kupitia waya wa micro-USB, lakini chaja ya ukutani mara nyingi huleta mvumo.

Sauti na picha zitakuja faili mbili, hivyo gonganisha viganja mara moja mbele ya kamera mwanzoni na mara moja mwishoni, iwe alama ya kuzilinganisha. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure, huzilinganisha yenyewe kwa kufuata mawimbi ya sauti, almradi kamera nayo ilikuwa ikirekodi sauti. Mwanzo ukikaa sawa na mwisho ukapishana, mkosaji kwa kawaida ni simu, kwa kuwa idadi ya picha zake kwa sekunde huyumba. Pitisha video kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, uchague idadi isiyobadilika, ndipo uhariri.

Mwaka 2024 Zoom walitoa H1essential, dola 100 hivi, inayorekodi kwa biti 32 za desimali (32-bit float). Haina gurudumu la kurekebisha. Kicheko kikubwa na mnong'ono vyote hushikwa, ukasawazisha baadaye. Inatumia USB-C na kadi kubwa zaidi, nayo faili zake zinafika GB 1.4 kwa saa. Kwa kikundi chenye warekodi sauti wapya kila wiki, nunueni hiyo, mradi mhakikishe programu yenu ya kuhariri inafungua faili za aina hiyo. H1n ichukueni mkiipata iliyokwisha kutumika kwa nusu ya bei au chini yake. Mkiwa bado dukani, wekeni betri na kadi yenu, zungusheni gurudumu mwanzo hadi mwisho mkisikiliza kwa hedifoni kama linakwaruza, tikiseni kidogo waya kwenye tundu la maiki muone kama sauti inakatika, na mhakikishe kifuniko cha betri kinafunga. Kimoja tu kati ya hivyo kikishindwa, mrudishieni mwenyewe.