Pikapu na Kiungio kwa Trela Kubwa ya Kusafiria: Anzia Kwenye Stika ya Mlango

Kwenye matangazo ya pikapu Marekani na Kanada, namba inayoandikwa kwa herufi kubwa ni uwezo wa kuvuta: pauni 11,000, 12,000, 13,000. Mnunuzi anaangalia trela ya futi 30 yenye pauni 9,000, anaona gari lina ziada, anasaini. Namba ambayo ingemwongoza vizuri zaidi iko kwenye stika ya njano na nyeupe iliyobandikwa pembeni mwa mlango wa dereva, pale panapoonekana ukifungua mlango. Inataja uzito ambao watu na mizigo kwa pamoja hawatakiwi kuuzidi. Huo ndio uwezo wa kubeba, na kwa trela kubwa huo ndio unaokwisha kwanza, karibu kila mara.

Trela ya kusafiria haivutwi tu. Sehemu ya uzito wake inalalia gari. Ili itulie barabarani, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake sharti ikae juu ya gololi ya kiungio (tufe la chuma nyuma ya gari ambalo pua ya trela hukaa juu yake), na kwa trela ndefu tunapendekeza ulenge 12 au 13. Ikishuka chini ya 10, upepo au lori linalokupita vinatosha kuifanya iyumbe kushoto na kulia, na kila yumbo linakuwa kubwa kuliko lililotangulia. Tutauita uzito huo mzigo wa gololi.

Fanya hesabu kwa trela ya pauni 9,000 (kama kilo 4,080). Asilimia 13 ni pauni 1,170. Kiungio chenyewe cha kugawa uzito, ambacho tutakieleza chini, ni kama 100. Baba, mama na watoto wawili, tuseme 470. Jenereta, vifaa na baiskeli nyuma ya gari, 200. Jumla ni pauni 1,940. Sasa nenda kwenye yadi ya magari ufungue milango ya F-150, Ram 1500, Silverado 1500 au Tundra zenye viti vya ngozi na paa la kioo: stika nyingi zitasoma kati ya 1,300 na 1,700. Gari lenye uwezo wa kuvuta pauni 11,000 limezidiwa kabla halijatoka uani.

Namba ya kuvuta si ya uongo. Inapimwa kwa kiwango cha SAE J2807 cha jumuiya ya wahandisi wa magari, ambacho Toyota ilitangulia kukifuata kwenye magari ya 2011, wengine wakaingia kufikia modeli za 2015. Gari linapandishwa mlima wa Davis Dam huko Arizona, maili 11.4 kwenye joto la nyuzi 100 za Fahrenheit, kiyoyozi kikiwa wazi kabisa, bila kushuka chini ya maili 40 kwa saa. Ni mtihani mzuri wa injini, gia na mfumo wa kupoza. Ila ndani wanahesabiwa watu wawili tu wa pauni 150 kila mmoja, na mzigo wa gololi unahesabiwa asilimia 10. Familia ya watu watano na mbwa haimo kwenye hesabu hiyo.

Namba ya trela nayo ina mtego wake. Uzito mkavu ulio kwenye kipeperushi mara nyingi hauna betri wala gesi. Mitungi miwili ya gesi ya pauni 20 ikijaa inafika karibu pauni 75 pamoja na chuma chake, na inakaa mbele kabisa, jirani na gololi. Maji yana pauni 8.3 kwa kila galoni, kwa hiyo tangi la galoni 50 likijaa linaongeza zaidi ya pauni 400. Kama tangi liko mbele ya ekseli za trela, gololi inabeba sehemu yake. Kwa hiyo nunua gari kwa kutumia GVWR ya trela, yaani uzito wa juu unaoruhusiwa ikiwa na mizigo yake yote, ile namba iliyo kwenye stika ya trela yenyewe, na usitumie uzito mkavu.

Pikapu, kwa mpangilio wetu

Tumepanga kwa trela za futi 27 hadi 33, GVWR ya pauni 7,500 hadi 10,000, na familia ya watu wanne.

Ya kwanza ni daraja la 2500 au 250, yaani pikapu nzito, yenye injini ya petroli: Ford F-250 ya V8 lita 7.3, Chevrolet Silverado au GMC Sierra 2500HD ya lita 6.6, na Ram 2500 ya Hemi lita 6.4. Stika zake mara nyingi husoma pauni 2,500 hadi 3,500. Fremu, ekseli ya nyuma, breki na tairi ni za kazi nzito tangu kiwandani. Umbali kati ya ekseli nao ni mkubwa, na jambo hili watu hulisahau. Mafundi wengi hutumia kanuni ya makadirio: inchi 110 kwa trela ya futi 20, kisha inchi 4 kwa kila futi inayozidi. Trela ya futi 30 inataka kama inchi 150. F-150 ya milango minne yenye sehemu fupi ya mizigo nyuma ina 145. F-250 ya aina hiyo ina 160. Si sheria, lakini ukipigwa na upepo wa pembeni kwenye tambarare za Wyoming utaijua tofauti. Udhaifu wa injini hizi ni mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, na kwenye handaki la Eisenhower huko Colorado, juu ya futi 11,000, theluthi ya nguvu imekwenda. Itapanda kwa gia ya chini na kelele nyingi. Haidhuriki.

Ya pili ni daraja la 1500, yaani pikapu za kawaida, iliyoagizwa na kifurushi cha kubeba mizigo, hasa F-150 ya V6 lita 3.5 yenye turbo mbili. Hii tunaipendekeza kwa trela isiyozidi pauni 8,000, na kwa mtu anayetumia gari hilohilo kwenda kazini kila siku. Stika isome angalau 2,000. Kwenye yadi ni adimu kwa sababu wauzaji huagiza zenye mapambo, na kila pambo linakula uwezo wa kubeba. Hakikisha ina vioo vipana vya kuvutia trela na kidhibiti cha breki za trela cha kiwandani. Ukibadilisha tairi, weka za aina ya LT, yaani za malori mepesi. Ukuta wa tairi za kawaida za gari dogo unapinda chini ya mzigo, na gari linahisi kama linaelea.

Ya tatu, 3500 au 350, hatua moja juu ya 2500, ya dizeli yenye tairi moja kila upande wa nyuma. Trela yako ikizidi pauni 10,000, hii inapanda hadi nafasi ya kwanza. Faida yake kubwa iko kwenye kushuka milima: breki ya injini inashikilia mzigo wote huku mguu wako ukiwa umepumzika, na breki za magurudumu hazichemki. Gharama yake ni ya kweli pia. Injini ya dizeli huongeza maelfu ya dola kwenye bei, chujio na mafuta ya injini ni ghali, na lazima ujaze tangi la DEF, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli.

Ya nne, 2500 ya dizeli. Hapa wengi hunaswa. Injini ya dizeli ina uzito wa mamia ya pauni zaidi kuliko ya petroli, na GVWR ya magari mengi ya daraja hili imewekwa karibu na pauni 10,000. Matokeo yake, Ram 2500 ya dizeli ya Cummins yenye vifaa vingi inaweza kuwa na uwezo wa kubeba wa pauni 2,000 tu, au pungufu. Injini ina nguvu za kuvuta nyumba, stika haina nafasi. Kama muuzaji ana 3500 ya aina hiyohiyo kando yake, tofauti ya bei kwa kawaida ni ndogo mno kukufanya uiache.

Ya mwisho, 1500 ya kifahari. Kwa trela ya futi 22 ni gari tamu. Kwa futi 30, iache.

Na mtu asikuambie kwamba mifuko ya hewa kwenye springi itaongeza uwezo. Inainua mkia wa gari tu. GVWR, ekseli na breki vinabaki vilevile. Gari lililotumika na kuinuliwa, likafungwa bampa za chuma na tairi kubwa, limeshapunguza uwezo wake bila stika kubadilika.

Viungio

Kagua kwanza lile tundu la mraba chini ya bampa. Lina stika yake yenye safu mbili za namba: bila kugawa uzito, na kwa kugawa uzito. Kwenye pikapu nyingi za 1500 safu ya kwanza inaishia pauni 5,000 za trela na 500 za gololi. Ndiyo maana gololi peke yake, bila mfumo wa kugawa uzito, haimo kabisa kwenye mpangilio huu. Gololi ya trela kubwa ni ya inchi 2 5/16. Ya inchi 2 inaweza kuingia chini ya kufuli, na trela ikachomoka kwenye tuta la kwanza.

Kazi ya kiungio cha kugawa uzito ni hii: vyuma viwili vya springi vinainua kwa nguvu sehemu ya mzigo wa gololi na kuurudisha kwenye ekseli ya mbele ya gari na ekseli za trela. Bila hivyo mkia unazama, pua inapanda, na tairi za usukani zinapoteza mshiko.

Kwa watu wengi, chaguo la kwanza ni Equal-i-zer ya pointi nne au Blue Ox SwayPro. Ya kwanza inazuia kuyumba kwa msuguano wa vyuma juu ya mabano, na unaweza kurudi nyuma bila kufungua kitu. Ina kelele kwenye kona za polepole. Hilo ni la kawaida. Inapatikana kwa viwango kama 1,000/10,000, 1,200/12,000 na 1,400/14,000, namba ya kwanza ikiwa mzigo wa gololi na ya pili uzito wa trela. Kwa mfano wetu wa pauni 1,170 pamoja na mizigo iliyo nyuma ya ekseli ya gari, chukua 1,400. Usipite sana hapo: springi ngumu kupita kiasi inapiga fremu ya trela kila shimo. SwayPro ni nyepesi na tulivu zaidi, na vyuma vyake vinaning'inia kwa minyororo.

ProPride 3P na Hensley Arrow, zote zikitokana na ubunifu wa Jim Hensley, zinazuia trela isianze kuyumba kabisa, kwa kuhamisha mahali inapogeukia karibu na ekseli ya nyuma ya gari. Ndizo bora kiufundi. Tumeziweka ya pili kwa sababu ya bei, inayopita dola 3,000, na uzito unaokaribia pauni 200, ambao wote unatoka kwenye stika ya mlango. Mwenye trela ya futi 33 anayesafiri miezi kadhaa kwa mwaka azinunue.

Vyuma vya duara na fimbo ya msuguano ya kando ni ya tatu: rahisi, lakini fimbo lazima itolewe kabla ya kurudi nyuma kwa kona kali, la sivyo inapinda. Kiungio cha Andersen ni chepesi na safi, ila hakigawi uzito wa kutosha mzigo wa gololi ukipita pauni 1,000.

Kufunga na kurekebisha

Trela iwe imepakiwa kama siku ya safari, kwenye uwanja tambarare. Pima kimo cha ukingo wa madigadi ya mbele kabla ya kuunganisha; tuseme inchi 37. Unganisha bila springi, imekuwa 38.5. Funga springi, pima tena. Vitabu vingi vya magari vinataka nusu ya tofauti irudi, yaani 37.75 hapa, lakini fuata kitabu cha gari lako. Ikibaki juu, ongeza washa (vile vibati vya duara vya kuwekea chini ya nati) kwenye kichwa cha kiungio ili kilale zaidi nyuma, au panda tundu moja la mnyororo. Unapofunga springi, inua pua ya trela na mkia wa gari pamoja kwa jeki. Ukilazimisha kwa wenzo, chuma kinaweza kurudi na kukuvunja mkono. Trela ikae sawa, au pua chini kidogo.

Nati ya gololi yenye shina la inchi 1¼ inakazwa kwa takriban futi-pauni 430 hadi 450 kulingana na mtengenezaji. Spana ya kawaida ya nyumbani haifiki huko; mpelekee fundi wa malori.

Trela ikiyumba, usikaze springi zaidi ukidhani ndiyo dawa. Mara nyingi mzigo wa gololi ni mdogo: hamisha vitu vizito mbele ya ekseli. Ikianza kuyumba barabarani, toa mguu kwenye mafuta na sukuma kwa mkono kitufe cha breki za trela kwenye kidhibiti. Usikanyage breki za gari.

California inataka leseni ya Class A isiyo ya biashara ukivuta trela ya kusafiria yenye GVWR inayozidi pauni 10,000, kwa hiyo liulize hilo kabla ya kulipa.

Kisha nenda kwenye mzani wa CAT, ule uliopo kwenye vituo vya malori. Msomaji anayeendesha lori anaufahamu. Pima mara tatu: gari na trela springi zikiwa zimefungwa, gari na trela springi zikiwa zimelegezwa, na gari peke yake na watu wake wote ndani. Jumla ya ekseli mbili za gari kwenye mara ya pili, ukitoa uzito wa gari peke yake, ndiyo mzigo halisi wa gololi. Linganisha ekseli ya nyuma ya mara ya kwanza na GAWR ya nyuma, yaani uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye ekseli hiyo, na jumla ya gari na GVWR yake, zote mbili zikiwa kwenye stika ya pili ya mlango. Zikipita, punguza mizigo na upime tena siku hiyohiyo.