Kadi ya 2% kwa kila kitu: inatufaa sisi tulioko Marekani?

Habari zenu jamani, karibuni. Leo tunaongelea kadi za keshibeki, yaani zinazokurudishia sehemu ya pesa unayotumia, zile zinazolipa kiwango kimoja kwa kila kitu, na nimechagua moja ndo tuichambue mpaka ndani, Wells Fargo Active Cash. Hii ilitoka 2021, inakupa 2% kwa kila unachonunua, haina ada ya mwaka, haina mambo ya miezi hii mitatu petroli miezi mitatu ijayo migahawa. Nitazitaja pia Citi Double Cash na Capital One Quicksilver maana ndo wapinzani wake. Na niseme mapema, hii ni kwa walioko Marekani, mkiwa Dar au Mombasa hamuwezi kuiomba, inataka anwani ya huku na historia ya krediti ya huku, yaani rekodi ya jinsi unavyokopa na kulipa.

Jibu langu nalitoa sasa hivi halafu tuelezane kwanini: kwa jinsi sisi tunavyotumia pesa huku, kadi ya namna hii inatufaa kuliko zile kadi zinazosifiwa kwa 5% na 6%, lakini kuna sehemu mbili haitakiwi kuguswa kabisa, kutuma pesa nyumbani na kwenda nayo nyumbani. Nitafika huko.

Sasa kwanini nasema inatufaa sisi. Kila biashara inayopokea kadi ina namba nne za kuitambulisha, ndo zinaiambia benki hapa ni supamaketi, hapa ni gereji, hapa ni saluni. Kadi zinazolipa kwa makundi zinaangalia hizo namba tu, haziangalii umenunua nini. Chukua mfano American Express Blue Cash Preferred, inatoa 6% kwenye supamaketi za Marekani mpaka ufikishe dola 6,000 kwa mwaka, baada ya hapo 1%, na ina ada ya dola 95 kwa mwaka. Ukisikia 6% moyo unaruka. Lakini soma masharti, Walmart haihesabiki kama supamaketi, Target haihesabiki, Costco ndo kabisa, madukani kwao kwa kadi za krediti wanapokea Visa tu, hiyo Amex hata huwezi kuipitisha. Sasa niambieni nyie wenzangu, mchele wa gunia mnaununua wapi? Mafuta ya kupikia, nyama, nepi za watoto? Halafu lile duka letu la Kiafrika tunalofuata unga, dagaa, kisamvu na majani ya chai, hujui mwenye duka alipochukua mashine alisajiliwa kama nini, unaweza kulipa dola 140 ukidhani umepata 6% kumbe limewekwa kundi lingine na wewe umepata 1%.

Na chakula ni sehemu tu. Bima ya gari, fundi gari, matairi, kusuka nywele, simu, tiketi za ndege ambazo familia ya watu wanne ikitaka kwenda nyumbani mwezi wa 12 ni maelfu ya dola, ada za mitihani kwa wale wanaosomea unesi, hayo yote kwenye kadi nyingi za makundi yanaangukia kule chini kwenye 1%. Hapa unapata 2% na hukumbuki chochote. Mtu anayefanya shifti mbili hana muda wa kukaa na kadi tano kwenye pochi anajiuliza hii ya petroli ni ipi, na zile za 5% zinazozunguka kama Discover it inabidi kila robo ya mwaka uingie uwashe mwenyewe, usipowasha hupati, na ukiwasha inaishia kwenye dola 1,500 za manunuzi kwa hiyo robo.

Twende kwenye hesabu. Familia inayopitisha dola 1,500 kwa mwezi kwenye kadi, kwa mwaka ni 18,000. 2% ya hapo ni dola 360. Quicksilver inatoa 1.5%, hapo ni dola 270. Tofauti ni dola 90, sio pesa ya kubadilisha maisha lakini ni pesa yako. Ukiongeza ofa ya kuanzia, wakati narekodi hii Active Cash inatoa dola 200 ukitumia dola 500 ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na dola 500 kwa miezi mitatu ni kitu ambacho bima na simu peke yake zinamaliza, huhitaji kununua kitu usichokihitaji ili uipate. Ofa zinabadilika kwahiyo angalieni ukurasa wa benki wenyewe kabla ya kuomba.

Citi Double Cash nayo ni 2% ila wanaigawa, 1% ukinunua na 1% nyingine ukilipa bili. Mimi huo mtindo naupenda kwa kweli, unakusukuma ulipe. Ila ni Mastercard, kwahiyo wale wa Costco mmeshaelewa, pale mlangoni inabaki mfukoni, wakati Active Cash ni Visa inapita. Kwa familia zetu nyingi hicho peke yake kinatosha kuamua.

Sasa sikilizeni hapa maana hapa ndo watu wanaumia. Benki inatoa wapi hiyo 2%? Sehemu moja ni kwa mwenye duka, kila ukipitisha kadi anakatwa ada na benki yako inapata fungu lake. Sehemu ya pili ni riba, na riba wanailipa wale wasiomaliza bili. Riba ya wastani ya kadi za krediti Marekani imekuwa juu ya 20% tangu 2023, na mtu mwenye krediti ya kawaida anaweza kupewa 24% au zaidi. Fanya hesabu mwenyewe: ukibeba deni la dola 1,000 kwa mwezi mmoja kwa 24%, riba ni kama dola 20. Na keshibeki ya manunuzi ya dola 1,000 ni dola 20 hizohizo. Mwezi mmoja tu umeshairudisha yote, mwezi wa pili unawalipa wao. Kile kima cha chini wanachoandika kwenye stetimenti, ile bili ya mwezi, dola 35 sijui 40, kinakulinda na faini ya kuchelewa basi, hakikulindi na riba hata kidogo.

Kwahiyo siku kadi inafika, kabla hujanunua hata soda, ingia kwenye apu uweke malipo ya kujilipa yenyewe kila mwezi, na uchague balansi yote ya stetimenti, yaani deni lote lililoandikwa pale, usichague kima cha chini. Stetimenti ikitoka sheria inataka wakupe siku zisizopungua 21 mpaka tarehe ya kulipa, na ukimaliza yote ndani ya hizo siku riba kwenye manunuzi ni sifuri. Yaani umetumia pesa ya benki bure na wamekupa 2% juu yake. Kama unajijua kwamba mwezi ukibana utaacha deni, dada yangu, kaka yangu, tumia debiti tu, ile kadi inayokata pesa yako mwenyewe kwenye akaunti, nakwambia kwa upendo, hakuna keshibeki inayoshinda riba.

Haya, kutuma pesa nyumbani. Nyie wote mnatuma, mimi natuma, mama anahitaji dawa, mdogo wako ada ya shule, unafungua apu unatuma moja kwa moja kwenye M-Pesa ya mtu. Baadhi ya hizo apu zinakubali kadi ya krediti, na hapo mtu anawaza, si nitume dola 500 nipate dola 10 zangu? Usifanye. Benki nyingi zinaihesabu hiyo kama umetoa keshi kwenye ATM kwa kadi ya krediti, na keshi ya krediti ina mambo matatu mabaya kwa mpigo: inakatwa ada palepale, mara nyingi 5% na ikiwa kiasi kidogo kuna ada ya kuanzia dola kama 10, riba yake inaanza siku ileile bila kusubiri stetimenti, na riba yenyewe kwa kawaida ni kubwa kuliko ya manunuzi. Keshibeki? Hakuna hata senti. Apu nyingine nazo zinaongeza ada yao ukitumia krediti. Kutuma nyumbani tumia debiti au akaunti ya benki, hilo halina mjadala.

Michango vilevile. Kuna msiba, kuna harusi, grupu la WhatsApp limejaa namba za Cash App, moja ya apu za huku za kutumiana pesa kama Venmo na Zelle. Cash App ukituma kwa kadi ya krediti wanakukata 3%, Venmo 3%. Wewe unapata 2%, tena kama benki haijaiona kama keshi. Umeshapoteza 1% kwenye rambirambi. Zelle haipokei kadi ya krediti kabisa kwahiyo hapo uko salama.

Na kodi ya nyumba pia mniulize, maana najua mnawaza, kodi ni dola 1,600 si ndo keshibeki kubwa. Angalieni ule mfumo wa kulipia wa mwenye nyumba, wengi wanaongeza karibu 3% ukilipa kwa krediti. Umelipa 48 ili upate 32. Kanuni ni hiyohiyo kila mahali, vituo vya mafuta vyenye bei mbili, ya keshi na ya kadi, mgahawa ulioandika pale kaunta kwamba kadi inaongezewa 3%, ikiwa nyongeza imepita 2% lipa kwa keshi.

Sehemu ya pili, safari. Active Cash ina ada ya 3% kwa kila muamala wa nje ya Marekani, na Double Cash ni 3% pia. Ukilipa hoteli Zanzibar sawa na dola 400, unapata keshibeki dola 8 na unakatwa dola 12. Hapa sasa ndo Quicksilver inashinda bila ubishi, Capital One hawatozi ada ya miamala ya nje, 1.5% yako unaipata kamili ukiwa Arusha, ukiwa Nairobi, ukiwa Muscat. Tiketi ya ndege ukiinunua huku kwa dola kwenye kampuni ya huku tumia ya 2%, ila ukishatua weka hiyo kadi ndani. Na kitu kingine, popote utakapolipa kule kwa kadi yoyote ya Marekani, mashine ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa shilingi, chagua shilingi, hata mhudumu akikwambia dola ni rahisi. Ukichagua dola, ile mashine inakubadilishia kwa reti yake na tofauti inaitoa kwako.

Kuna vitu viwili vya pembeni. Ukilipa bili ya simu ya kila mwezi kwa Active Cash, simu inapata kinga dhidi ya wizi na kuharibika mpaka dola 600, wewe unachangia dola 25 kwa dai. Kwa watu tunaolipa bima ya simu kila mwezi kwa kampuni ya simu, tena kwa laini nne tano za familia, hapo kuna pesa ya kuokoa kila mwezi, soma masharti yake tu maana simu iliyopotea tu bila kuibiwa haimo. Na kuna riba 0% ya mwanzo, wakati huu ni miezi 12 kwa manunuzi na kwa deni unalohamisha kutoka kadi nyingine, ila kuhamisha kuna ada mpaka 5%. Double Cash kwa kuhamisha deni inatoa miezi 18, kwahiyo ukiwa tayari uko kwenye shimo la deni, hiyo ndo ya kuangalia kwanza, ya keshibeki utaifikiria ukishatoka.

Wengi wenu Waislamu huwa mnaniuliza kuhusu riba. Mimi si mwanachuoni na siwezi kutoa fatwa hapa. Ninachoweza kueleza ni mkataba unavyosema: ukilipa balansi yote kwa wakati hulipi riba, lakini unasaini karatasi inayosema ukichelewa utalipa. Wanazuoni hawako kauli moja hapo kwenye kusaini, kwahiyo mpelekee sheikh wako huo mkataba wenyewe, usimpelekee maneno yangu.

La mwisho ni nani anaipata. Hizi za 2% zinataka krediti nzuri, skoo, yaani alama unazopewa kutokana na historia yako ya krediti, kuanzia kama 670 kwenda juu ndo una nafasi. Aliyefika mwaka huu hana skoo kabisa, hata kama nyumbani alikuwa na akaunti miaka 20, historia ya kule kwa kawaida haisafiri. Usiombe halafu ukataliwe, kila ombi linaacha alama na linashusha pointi kidogo. Anza na kadi ya dhamana, kuna Quicksilver Secured, unaweka kuanzia dola 200 kama dhamana, inatoa 1.5% vilevile, na Capital One wanapokea ITIN, ile namba ya mlipa kodi, kwa wasio na namba ya Social Security. Weka bili moja tu pale, ya simu au intaneti, ijilipe yenyewe, na usipitishe 30% ya limiti, kile kiwango cha juu unachoruhusiwa kutumia, yaani kwa limiti ya 200 usiache stetimenti itoke na zaidi ya 60. Kulipa kwa wakati ndo 35% ya skoo ya FICO, ile skoo ambayo benki nyingi huku zinaitumia, na kiasi cha limiti unachotumia kinaingia kwenye 30% nyingine. Ukienda hivyo mwaka mzima, ingia kwenye ukurasa wa benki ule wa kukagua kama unakubalika bila kuacha alama, ukikubalika hapo ndo uombe ya 2%, na ile ya kwanza usiifunge, iache na ile bili yake moja.