Etymonline: nilitafuta school nikaikuta shule na skuli

Kama unafundisha Kiingereza au unapenda tu kujua maneno yametoka wapi, ifungue hii Etymonline. Ni kamusi ya asili ya maneno ya Kiingereza, iko mtandaoni bure, kaiandaa Mmarekani anaitwa Douglas Harper.

Binti yangu wa darasa la sita aliniuliza mbona Zanzibar wanasema skuli na sisi shule, nkashindwa kumjibu. Nkaandika school pale, ikanipeleka Kilatini schola, halafu Kigiriki skhole, na hapo ndo nilishangaa, maana skhole ilikuwa ni wasaa, ule muda mtu hana kazi inayomsubiri! Wagiriki waliobahatika kuwa na huo wasaa wakawa wanautumia kujadili mambo ya elimu, jina likahamia kwenye mjadala wenyewe, baadae likahamia mahali unapofanyika. Hiki ndo kilichonikamata, yaani haikwambii tu limetoka Kigiriki ikaishia hapo, unaona na maana ilivyokuwa inahama.

Humo humo wamekuwekea na ndugu zake, école ya Kifaransa, shkola ya Kirusi, na Schule ya Kijerumani. Hiyo Schule ndo shule yetu, tumebaki nayo toka Wajerumani wanatawala Bara, na skuli imekuja na Kiingereza, kumbe ni neno moja limeingia kwa milango miwili! Hilo la Kiswahili humo hulikuti, ni kamusi ya Kiingereza, unaunganisha mwenyewe.

Angalieni namba pia, school ziko mbili. Ya pili ni kundi la samaki, na hiyo haina undugu na Kigiriki kabisa, imetoka Kiholanzi cha zamani.

Shida ni kwamba maelezo yote ni Kiingereza tena kizito, mtoto humwachii peke yake. Na ukiona kinyota mbele ya neno ujue halijawahi kukutwa limeandikwa popote, wataalamu wamelijenga kwa kulinganisha lugha, mi mwanzo nilikuwa nayapita tu hayo.

Jana binti kaniletea neno planet, yaani sayari, mwenyewe. Tukakuta kwa Wagiriki ni zile zinazotangatanga, maana nyota nyingine zinatembea pamoja bila kupishana ila hizi zinahama, na kabla ya kulala alikuwa ashaliandika nyuma ya daftari la sayansi.