Mashine ya oksijeni ya lita 5 nyumbani: nyota 4

Hii ni ile mashine ya magurudumu inayokaa sakafuni na kuchuja oksijeni kutoka hewa ya chumbani, hadi lita 5 kwa dakika. Naitumia Dar es Salaam kumhudumia mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, na kazi yake inaifanya. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya umeme.

Inakula wati 350 hivi. Mgonjwa aliyeandikiwa saa 15 kwa siku anamaliza yuniti 5 na ushee za LUKU. Akivaa usiku na mchana, zaidi ya 8. Kama mlikuwa kwenye bei nafuu ya yuniti 75 kwa mwezi, isahauni. Umeme ukikatika inapiga kelele na kuacha kutoa hewa, kwa hiyo bila mtungi wa oksijeni wa akiba usiinunue. Mtungi wa lita 680, kwa lita 2 kwa dakika, unatoa saa 5 na dakika 40. Mimi nahesabu 5. Ufungwe wima usianguke, na valvu yake isiguswe na grisi wala mafuta. Stabilaiza pia ni lazima, maana umeme wa kupanda na kushuka unaua kompresa.

Kiwango cha lita kwa dakika husomwa katikati ya kile kimpira kinachoelea kwenye kipimo cha mashine, macho yakiwa usawa wake. Hapa ndipo ndugu wanapoharibu: mzee anahema, mtu anapandisha kutoka 2 hadi 5 kwa huruma. Kwa mapafu haya oksijeni ikizidi, kabonidayoksaidi inaweza kujilimbikiza mwilini. Mgonjwa anasinziasinzia, anaamka kichwa kinamgonga, anaongea yasiyoeleweka. Wengi wao huwekewa na daktari lengo la asilimia 88 hadi 92 kwenye oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, si 98. Oksimita yenyewe hudanganywa na piko, rangi ya kucha na vidole vya baridi.

Hewa isipofika puani, usikimbilie kumpigia fundi. Chovya ncha za kanula, ule mpira wa puani, kwenye glasi ya maji. Pasipo na mapovu, ama mpira umekunjika au kuna panapovuja, na mara nyingi ni kifuniko cha kichupa cha maji kinacholainisha hewa kwa unyevu, kilichofungwa kikiwa upande. Kifungue, ukirudishe taratibu hadi kikae sawa. Maji ya kichupa yawe yaliyochemshwa yakapoa, na ya jana yamwagwe, yasiongezewe.

Chujio la sponji la nyuma nalifua kila wiki kwa maji ya sabuni. Kuwa na mawili, kwa sababu likirudishwa bichi, unyevu unaharibu punje za ndani zinazonasa naitrojeni. Acha sentimita 30 kati ya mashine na ukuta au pazia.

Jiko la mkaa, gesi, chetezo na dawa ya mbu ya kuchoma vikae mbali, angalau mita 3. Oksijeni hutuama kwenye kanga na shuka, cheche moja inatosha. Moshi wa udi wenyewe unamkaba mgonjwa hata pasipo moto. Pua ikikauka, usimpake mafuta ya mgando; tafuta jeli ya maji.

Dukani, kabla ya kulipa, iwashwe dakika 10 ikiwa kwenye lita 5, kisha wapime usafi wa hewa inayotoka: isipungue asilimia 87. Iliyotumika, angalia pia mita inayoonyesha imefanya kazi saa ngapi. Muuzaji asiye na kipimo, mwache.